Huduma ya Kuondolewa Korodani kwa Wazee Hapa Tabora: Kisu Hodari, Maelezo Haba

Mwezi wa tano mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 71, niliondolewa korodani zote mbili katika hospitali moja ya hapa mjini Tabora, kwa hiari yangu na kwa saini yangu mwenyewe, kwa sababu ya saratani ya tezi dume ambayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa ya nyonga na ya mgongo. Kabla ya siku hiyo nilitafuta sana maandishi ya Kiswahili ya mtu aliyepita njia hii akaieleza huduma aliyoipata kama tunavyoeleza huduma ya nyumba ya kulala wageni au ya basi la Mwanza, nisiyaone. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika mimi. Jina la hospitali ninaliacha, kwa kuwa nitasifu na nitalaumu, na wanaofanya kazi katika kliniki ile ni wachache kiasi kwamba lawama ingemwangukia mtu anayefahamika hadi nyumba aliyopanga.

Mapokezi yake hayana tofauti na ya kwingineko. Foleni huanza alfajiri, namba huandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya boksi, na anayechelewa hukaa nje chini ya mwembe hadi saa saba mchana. Hilo silihesabu kuwa kosa, kwani wagonjwa ni wengi na daktari bingwa wa njia ya mkojo huja kwa zamu, mara moja kwa mwezi, siku nyingine akibaki daktari kijana peke yake. Nililolihesabu ni kwamba dirisha la kuandikishia liko hatua mbili tu kutoka kwenye mabenchi, na kijana aliyekuwa akiandika kadi aliniuliza kwa sauti ya mnadani, "Shikamoo mzee, tatizo ni mkojo au nguvu za kiume?" Benchi zima likageuka kunitazama. Nilimwitikia "marahaba" kwanza, ili nipate muda wa kumeza mate, kisha nikasema ni mkojo.

Vipimo vilikwenda vizuri. Damu ilionyesha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ya 86, wakati kwa kawaida daktari huanza kutilia shaka inapovuka 4. Kikachukuliwa kinyama kwenye tezi, na majibu yake yakaja baada ya wiki tatu. Nilipoitwa ndani, daktari kijana alinichorea tezi dume kwenye karatasi, akanieleza kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, na kwamba ikinyimwa chakula hicho husinyaa. Maelezo hayo yalikuwa sahihi na ya adabu. Tatizo ni kwamba alirudia mara tatu maneno "tutaondoa chanzo cha homoni" bila kutaja chanzo chenyewe, mpaka nikamwuliza kiko wapi. Akanyoosha kalamu kuelekea mapajani mwangu, akaangalia dirishani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi kwa miaka 34, hivyo nilikwenda kusoma mengine mwenyewe. Elimu hii si ngeni: mwaka 1941 daktari Charles Huggins, akifanya kazi na Clarence Hodges huko Chicago, alionyesha kwamba kuwahasi wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa hupunguza ugonjwa na maumivu yake, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Korodani hutoa zaidi ya asilimia 90 ya testosteroni ya mwanamume, na kiasi kidogo kinachobaki hutokana na tezi zilizo juu ya figo. Zikiondolewa, homoni hushuka katika muda wa saa chache tu, na kipimo kinachokubalika kuwa ni cha mtu aliyehasiwa ni chini ya nanogramu 50 kwa desilita, wakati mwanamume mzima kwa kawaida huwa na 300 na kuendelea.

Njia ya pili ni sindano, nayo nililetewa mezani kwa haki, jambo ambalo ninalisifu kwa sababu nimesikia wenzangu wa mikoa mingine wakisema hawakuwahi kupewa nafasi ya kuchagua. Goserelini ni kipande kidogo cha dawa kinachowekwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene, ama miligramu 3.6 kila baada ya siku 28 ama miligramu 10.8 kila baada ya wiki 12. Sindano hiyo huzubaisha amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani, nazo zikalala. Uzuri wake ni kwamba mtu akiacha, homoni inaweza kurudi polepole, ingawa kwa mzee huchukua miezi mingi na wakati mwingine hairudi kikamilifu. Ubaya wake ni kwamba katika wiki moja au mbili za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, na kwa mtu ambaye saratani imekalia uti wa mgongo kupanda huko kunaweza kumletea maumivu makali au hata kupooza miguu, hivyo hupewa vidonge vya bikalutamidi vya kumkinga. Ubaya wa pili ni wa kwetu huku. Dirisha la dawa la hospitali halikuwa na sindano hiyo siku niliyouliza, na duka lililokuwa tayari kuniagizia kutoka Dar es Salaam lilitaja bei iliyozidi pensheni yangu ya mwezi. Sindano ikichelewa, testosteroni huanza kuamka. Mtu anayetegemea dawa inayosafiri, na maisha yake yakahesabiwa kwa siku 28, anaishi roho juu.

Nieleze hapa, maana baadhi ya wasomaji watakuwa na ugonjwa usiofanana na wangu: aliye na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, na anayepelekwa Bugando au Ocean Road kupigwa mionzi, mara nyingi huhitaji kupunguziwa homoni kwa muda tu, kuanzia miezi sita hadi miaka mitatu hivi, na kwa mtu wa namna hiyo kisu kisichoweza kurudishwa nyuma si cha kukimbilia. Wangu ulikuwa umeshasambaa, na dawa ya kupunguza homoni ilikuwa ya maisha. Nikachagua kisu.

Siku ya kusaini ridhaa tulikuwa wanne kwenye chumba kidogo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, na mimi niliyeweza kuisoma nilipewa dakika tano, huku wengine watatu wakionyeshwa tu mahali pa kuweka dole gumba. Mmoja wao alikuwa mfugaji kutoka upande wa Igunga, mzee mwenye fimbo na kofia ya pama, ambaye alisikiliza maelezo yote ya "chanzo cha homoni" kwa utulivu, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnataka kunifanya maksai?" Daktari kijana akakosa la kusema. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akamjibu bila kucheka: "Babu, maksai ndiye anayelima." Mzee akatafakari, akasema kwamba ni kweli, ila maksai hunenepa, shingo yake hulegea, na haoni tena sababu ya kupigana. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi, kwa sababu katika ziara zangu zote za kliniki ile hakuna maelezo mengine yaliyonitabiria kwa usahihi namna hiyo kitakachonipata, nayo yalitoka kwa mgonjwa.

Jambo moja ambalo daktari bingwa alilifanya kwa hekima kubwa ni kutuuliza, mmoja mmoja na mlango ukiwa umefungwa, kama tungependa zitolewe korodani nzima au kiini chake tu huku ganda la nje likiachwa ndani ya mfuko, kwa kuwa kwa homoni matokeo ya njia zote mbili yanakaribiana sana. Sikuwa na haja ya kufikiri. Sisi Waislamu tunajua kwamba siku ya mwisho kuna mikono itakayotuosha, na mikono hiyo kwa kawaida ni ya wanangu na ya majirani zangu wa Isevya. Sikutaka wakute mfuko mtupu na kuondoka na hadithi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulisikia jambo hilo kwa wengine, akaandika kwenye faili. Kwa hilo peke yake ningempa alama zote.

Upasuaji wenyewe sina cha kuulaumu. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nikawa macho muda wote, nikasikia redio ndogo ya chumba kile ikitangaza bei ya tumbaku, na katika muda usiofika saa moja nilikuwa nimerudishwa wodini. Chale ni moja, ndogo, katikati ya mfuko, na nyuzi zake huyeyuka zenyewe. Shuka ilikuwa safi, dawa ya maumivu ilikuja kabla sijaiomba, na muuguzi yule wa maksai alinifundisha kuvaa chupi ya kubana kwa wiki mbili ili uvimbe usining'inie. Kesho yake nikarudi nyumbani kwa bajaji. Maumivu ya nyonga, yaliyokuwa yakiniamsha usiku tangu Ramadhani, yalianza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, na baada ya miezi mitatu PSA ilikuwa imeshuka kutoka 86 hadi 1.2. Bima ililipa karibu kila kitu. Kama tathmini hii ingeishia mlango wa chumba cha upasuaji, ingekuwa ya sifa tupu.

Kasoro inaanzia pale mlangoni. Kadi yangu ya kuruhusiwa iliandikwa: panadol, kidonda kisilowe, rudi baada ya miezi mitatu. Hakuna neno hata moja kuhusu kuishi bila testosteroni, kana kwamba korodani ni jino lililong'olewa.

Joto la ghafla lilinianza wiki ya tano. Ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe cha Tabora kinachowafanya wazee wavae koti juu ya kanzu, nami nimekaa barazani na wenzangu baada ya sala ya alasiri. Kitu kama mvuke wa sufuria kikanipanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho likanitiririka puani, nikavua kofia nikaanza kujipepea nayo mbele ya watu waliojikunyata kwa baridi. Mwenzangu mmoja alidhani ni malaria, akataka kunipeleka duka la dawa. Mama watoto ndiye aliyenitambua usiku ule nilipotupa blanketi: alinitazama, akasema, "Baba Rehema, hayo yalinipata mimi mwaka ule ulioniambia nimezidi deko." Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kulala na shuka mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, na kuacha chai ya moto ya usiku. Nilipouliza kliniki, daktari kijana alikiri kwamba zipo dawa za kupunguza hali hiyo, ikiwemo venlafaksini inayotumika pia kwa huzuni, lakini ni lazima mgonjwa aulize kwanza. Mgonjwa asiyejua kwamba joto hilo linatokana na upasuaji atauliza nini?

Habari ya ndoa nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa si yangu peke yangu. Hamu iliondoka, wala haikuondoka kwa kishindo. Ilikuwa kama redio iliyozimwa chumba cha pili, ambayo unagundua kimya chake baada ya siku kadhaa. Nilichokuwa nikikiogopa zaidi, kwamba sauti yangu ingekuwa nyembamba kama ya mtoto, hakikutokea na hakitatokea, maana sauti ya mtu mzima ikishakuwa nzito haibadiliki kwa kuhasiwa. Wanaobaki na sauti nyororo ni wale waliohasiwa kabla ya kubalehe, kama matowashi wa zamani. Ndevu zangu zipo, ila huota polepole. Laiti hayo yangesemwa kwa dakika mbili tu, mbele ya mimi na mke wangu, ningepunguziwa usiku mwingi wa kukohoa kwa makusudi ili nisikilize sauti yangu. Katika ziara zote hizo mke wangu hakuitwa ndani hata mara moja. Alikaa chini ya mwembe na kikapu.

Mwili nao ukafuata utabiri wa mfugaji wa Igunga. Katika mwaka mmoja nimeongezeka kilo saba, karibu zote tumboni, huku mapaja yakipungua mpaka suruali zinanibana juu na kupwaya chini. Ndoo ya lita 20 niliyokuwa nikiibeba kutoka bombani bila kufikiri sasa naigawa mara mbili. Damu imepungua kidogo, jambo linalotokea kwa sababu testosteroni husaidia kutengeneza chembe nyekundu. Kupanda kwa sukari ni hatari nyingine inayojulikana, lakini aliyenipima ni kijana wa duka la dawa, kwa pesa yangu. Kuna pia uzito fulani wa moyo, kutokwa na machozi kwa mambo madogo. Nimelia kwa taarifa ya habari, mimi niliyeongoza mazishi ya baba yangu kwa macho makavu.

Zito kuliko yote ni mifupa. Testosteroni ikiondoka mifupa hupungua uimara mwaka hadi mwaka, na mzee akianguka huvunjika kiuno kwa kuteleza kudogo. Hili ndilo linalonifanya nitumie neno uzembe. Tuliosaini siku ile tulikuwa wanne. Mmoja wetu alivunjika kifundo cha mkono mwezi wa tisa aliposhuka vibaya kwenye bodaboda, akapelekwa hospitali ile ile, akafungwa plasta, na hakuna aliyemwambia kwamba mkono na upasuaji ule vinaweza kuwa na uhusiano. Ushauri uliotakiwa si wa gharama kubwa: mazoezi ya kubeba uzito mara kadhaa kwa wiki, kalsiamu na vitamini D, kuacha sigara, kuangalia mahali pa kukanyaga usiku. Mimi nayafanya hayo kwa kusoma. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, nainuka na kukaa kwenye kigoda mara thelathini nikiwa nimeshika madumu mawili ya lita tano, wajukuu wakihesabu kwa sauti na kuiba namba. Nakula dagaa wa Kigoma pamoja na miiba yao, na maziwa mgando ambayo hapa kwetu hayana uhaba. Miguu imeanza kurudi, na uchovu wa saa nne asubuhi umepungua kuliko nilivyotarajia.

Lipo pia la dawa za ziada. Tafiti kubwa zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba mwenye saratani iliyosambaa akiongezewa vidonge vya abirateroni pamoja na prednisoloni mapema, huishi muda mrefu zaidi kuliko anayepunguziwa homoni peke yake, kwa kuwa vidonge hivyo huzima hata kile kidogo kinachotoka kwenye tezi za juu ya figo na ndani ya saratani yenyewe. Naelewa kwamba si rahisi kuvipata Tabora. Nisichokielewa ni kwa nini sikuambiwa kwamba vipo, ili niamue mwenyewe kama nitauza ng'ombe au nitapanda treni kwenda kuulizia. Kipimo cha testosteroni nacho hakikufanyika hadi nilipokidai; sampuli ikapelekwa Mwanza, na majibu, nanogramu 14 kwa desilita, yalikaa kwenye droo ya mapokezi kwa siku kumi na tisa.

Je, ningechagua tena? Kisu, ndiyo, tena bila kusita, kwa kuwa nalala bila maumivu na sihesabu siku 28. Huduma, ningeipa alama tisa kati ya kumi kwa upasuaji, saba kwa adabu ya madaktari, na mbili kwa yale yanayofuata baada ya nyuzi kuyeyuka. Mbili hizo ni za muuguzi mmoja. Mwezi uliopita nilimpelekea karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ikieleza joto la ghafla, mifupa, sukari, ndoa na mazoezi. Aliisoma akiwa amesimama, akafuta neno moja alilosema litawatisha watu, akaenda nayo kwenye mashine ya kutoa nakala. Ukikuta karatasi hiyo imebandikwa karibu na mizani, uliza akupe yako.

Kwa anayekwenda: kliniki ni Jumanne na Alhamisi, namba hutolewa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na bingwa huja wiki ya mwisho ya mwezi. Chukua kadi ya bima na nakala yake. Ingia na mke wako hata kama hakuitwa. Hakuna atakayemzuia, nimejaribu. Dirishani sema "kliniki ya mkojo" kabla hujaulizwa. Na msikalie benchi la kwanza kutoka mlangoni, lina msumari.